Usikate Kitambaa Bado

Mwongeli Mwau,
S.L.P. 47,
Mutomo, Kitui.
Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mpendwa mwanangu Yvonne,

Bwana asifiwe. Pokea salamu nyingi kutoka kwa mama yako mdogo. Nimekaa mezani jikoni, redio nimeizima ili mawazo yasinipotee. U hali gani huko Doha? Lile joto limepungua? Na mgongo wako, ule uliokuwa ukikusumbua kwa kuinua wagonjwa, umepata nafuu? Kila asubuhi nikipiga magoti naanza na mgongo wako kabla sijafika kwa mambo mengine. Na Kilonzo wetu mwambie mama mkwe anamsalimu, na tunahesabu miezi hadi harusi kama yeye tu.

Sisi huku tunaishi kwa neema. Mvua bado. Mbuzi wamekonda lakini wanatembea. Baba yako mdogo yuko mjini Wote kwa kazi ya ujenzi, anakuja nyumbani Jumamosi na kurudi Jumapili jioni. Kaburi la mama yako nimelifagia juzi, ua lile uliloacha halijakauka.

Najua unajiuliza kwa nini barua na simu iko. Nasima, yule binti wa Hassan wa duka la nguo, anarudi huko Ijumaa, na ndani ya bahasha kuna kitu ambacho simu haiwezi kubeba. Tena kwa simu ningekudanganya. Nikisikia sauti yako tu nasema niko sawa, hata kabla hujaniuliza.

Yvonne, usikate kile kitambaa bado. Mwambie fundi angoje. Vile vipimo nilivyokutumia mwezi wa tano si vyangu.

Ulipoomba vipimo vya mama zako wote ili mtushonee gauni za sare, nilichukua utepe nikajipima. Nikaangalia namba, nikaandika nyingine. Niliandika mwili niliotaka kuwa nao Desemba ikifika. Moyoni nikasema huu si uongo, hii ni imani, Mungu atajaza palipobaki. Wewe ulikuwa umesema kwa mzaha, "Aunty, punguza kidogo tukuone vizuri kwa picha," na tukacheka wote wawili. Sikulaumu, mwanangu. Hayo maneno hayakuwa na ubaya wowote. Ni mimi niliyelala nayo na kuamka nayo.

Basi nikaanza daieti ya kwenye simu. Asubuhi maji ya moto na ndimu, mchana kabichi ya kuchemsha, jioni hivyo hivyo. Siku za kwanza nilijiona shujaa. Halafu ikaanza kitu ambacho nakiandika kwa aibu. Inafika alasiri, niko peke yangu, naingia stoo kutafuta chumvi, na chumvi siioni tena. Nakula nikiwa nimesimama. Mahindi ya muthokoi baridi ya jana, sukari kwa kijiko, mkate mzima bila chai. Sisikii ladha. Macho yako mlangoni na mkono unaenda wenyewe. Nikimaliza tumbo linauma mpaka nalala nimeketi, nalia, namwomba Mungu msamaha, na naapa kwamba kesho sitagusa kitu hata kidogo. Na kesho, kwa sababu sijagusa kitu, inakuwa vile vile au zaidi. Nilidhani nimeingiliwa na roho ya ulafi. Niliikemea kwa jina la Yesu nikiwa na makombo mdomoni.

Sasa sikia mahali nilipojifunga kamba. Jumatano moja kwa ushirika wa kina mama walinipa chai nikakataa. Muthoki, yule mwenyekiti wetu, akaniuliza kama ni mgonjwa. Nikasema nimefunga. Akauliza nafungia nini. Ulimi ukateleza, nikasema nafungia harusi ya Yvonne. Unajua vile wanakupenda hapa, wamekulea nami tangu mama yako atuache. Wakasema wote, hapana, Mwongeli hawezi kubeba mzigo huu peke yake. Wakaamua kila Jumatano kanisa zima la kina mama linafunga hadi saa kumi, kisha tunakula pamoja. Hata Muthoki mwenyewe na vidonda vyake vya tumbo alifunga. Mimi nikapewa kazi ya kupika chapati za kufungulia, kwa sababu nyumba yangu imepakana na kanisa, na kwa sababu mtu anayefunga hivyo hawezi kuguswa na harufu ya chapati.

Jumatano ya tatu walikuwa kanisani wakiomba. Niliwasikia wakilitaja jina lako. Mimi nilikuwa jikoni na hotipoti imejaa chapati, bado zinatoa mvuke. Sikukula moja, Yvonne. Sikukula mbili.

Nilipoinua uso, Susu Kalekye alikuwa amesimama mlangoni. Unamkumbuka, yule bibi wa ng'ambo ya ua anayesuka viondo. Yeye hafungi kwa sababu ya dawa zake, alikuwa amekuja kuomba moto wa kupasha uji. Aliniangalia, akaangalia hotipoti, akavuta kiti na kuketi. Akachukua kipande cha chapati, akakiloweka kwa uji wake, akaanza kula polepole.

Saa kumi wakaingia. Muthoki akafunua kifuniko.

"Hizi chapati zimepungua ama ni macho yangu ya njaa?"

"Ni mimi," Kalekye akajibu kabla sijavuta pumzi. "Nilikula."

Jiko lote likacheka. "Susu! Na meno gani?"

"Nilimeza kwa imani. Si hapa ni kanisani?"

"Meno matatu yamalize hotipoti nzima! Susu, kesho tutakufungia kwa zizi la mbuzi."

Walicheka mpaka wakashikana mabega, na mimi nikacheka nao. Lakini kile kicheko kiligeuka ndani yangu. Kumuona yule bibi amejibebesha aibu yangu, na bado anapangusa uji kidevuni kama hakuna kitu, nilishindwa. Nikasema, "Ni mimi. Nimekula mimi. Na sikuwa nafungia harusi, nilikuwa natafuta kukonda."

Hakuna aliyecheka tena. Muthoki alishika tumbo lake, nafikiri hata hakujua amelishika. Akasema tu, "Si ungetuambia una njaa, Mwongeli?" Akavaa viatu vyake akaenda bila kula. Wengine walikula wakiangalia sahani zao. Mpaka leo Muthoki ananisalimia kwa mkono tu, macho yanaenda pembeni. Nimeenda kwake kuomba msamaha, akasema amesamehe, lakini alinisemesha nikiwa mlangoni, hakunikaribisha ndani. Hili linaniuma kuliko tumbo. Ukimpigia simu, usimlazimishe. Mshukuru tu kwa siku alizokufungia.

Asubuhi iliyofuata Kalekye alikuja na bakuli lake na kijiko chake. Akasema, "Nimekuja kula. Kwangu hakuna mtu wa kunitazama nikila, na kwako vile vile." Nikamwambia mimi leo sili, natubu. Akanijibu kwamba huko kutubu kwangu ndiko kunakomaliza stoo yangu, niteremshe sufuria. Tangu siku hiyo tunakula pamoja, asubuhi na mchana. Sheria yake ni moja: hakuna kuinuka mpaka yeye amalize. Na wewe unajua jinsi anavyokula! Punje ya maharagwe inazunguka mdomoni kama imepotea njia. Mara ya kwanza nilitaka kupiga kelele. Sasa nimeanza kusikia chumvi iko sawa ama haiko sawa, kitu ambacho nilikuwa nimesahau.

Yeye ndiye aliyenisukuma hospitalini, kwa Kisilu, muuguzi anayenipima presha. Niliona haya kumwambia kijana mdogo hivi, lakini hakucheka. Aliniuliza swali moja: kabla ya kula vile, siku hiyo nilikuwa nimekula nini? Nikasema kabichi. Akasema mwili ulionyimwa unakuja kudai, si pepo, na wala si mimi peke yangu, ni ugonjwa unaojulikana na watu hutibiwa. Akanipeleka kwa mama mmoja mshauri ambaye naongea naye kila Alhamisi. Huyo ameniambia niache daieti ya simu, nile kwa wakati, na presha tutaishughulikia taratibu pamoja na daktari. Tunaomba pia, lakini baada ya kuongea.

Baba yako mdogo naye amejaribu kusaidia kwa njia yake. Nilipomwambia, akasema, "Si uache tu?" Jumamosi iliyofuata akafunga sukari kwa kabati na kwenda na ufunguo Wote. Ilibidi Kisilu ampigie simu. Sasa ufunguo umerudi, na jioni akiwa huko ananipigia tule pamoja, yeye na ugali wake, mimi na wangu. Tunasikilizana tukitafuna. Ni kichekesho, lakini sijawahi kumuona mwanamume huyu akinipenda hivi.

Usifikiri nimepona. Sitaki kukudanganya mara ya pili. Jumamosi iliyopita ulipotuma ujumbe kwamba fundi anakata vitambaa mwisho wa mwezi, niliweka simu chini nikaingia stoo. Kalekye alikuwa ameenda Kyuso kwa mazishi, na baba yako mdogo hakuwa amefika bado. Nilisimama pale stoo, na sufuria ya muthokoi ya watu wa shamba yote ikaisha. Yote, Yvonne. Jumapili sikuenda kanisani. Nililala nimefunika kichwa.

Leo asubuhi amerudi, ameona sufuria, akaelewa. Hakunihubiria. Alisema tu, "Haya, weka chai. Leo ndiyo siku ya kula vizuri, usianze tena mambo ya kujiadhibu." Tukanywa chai na viazi vitamu. Ndipo nikamwambia habari ya vipimo, kitu ambacho hata Kisilu sijamwambia. Nikamwambia pia kwamba siwezi kukuandikia namba. Mkono wangu utaandika ndogo, naujua.

Akaenda kwake akaleta nyuzi za kiondo. Akanisimamisha hapa hapa jikoni akanizungushia. Nilikuwa nimevuta tumbo ndani. Akasema, "Toa hiyo pumzi, unajikaza kama askari wa gwaride." Nikasema nimetoa. Akasema, "Nitangoja. Hujaniona nikila? Mimi nina subira." Akangoja kweli, ameshika uzi, mpaka pumzi ikaniishia na tumbo likashuka mahali pake. Hapo ndipo akakata.

Kwa hiyo nyuzi tatu ziko ndani ya bahasha. Mweupe ni kifua, mwekundu ni kiuno, mweusi ni nyonga. Mpe fundi apime nazo jinsi zilivyo. Asipunguze hata kidogo, na wewe usimwambie apunguze kwa kunipenda.

Nina ombi moja la mwisho, na hili ndilo kubwa. Siku ya harusi usiniweke kwa kamati ya chakula. Najua kila mtu anategemea Mwongeli atakuwa jikoni. Tangu nikiwa msichana, kwa kila sherehe nimekuwa nikipakua na kusema mimi nitakula baadaye, na watu wakanisifu kwa utumishi. Ile baadaye yangu wewe sasa unaijua. Wapishi watapatikana. Mimi nitafutie kiti mezani kando ya Susu Kalekye, sahani yangu iwe mbele yangu, watu wote wakiniona. Tutamaliza wa mwisho, hilo nakuambia mapema. Msikate keki mpaka tumalize.

Nisalimie Kilonzo, na Nasima mpe chakula akifika, safari ni ndefu. Baba yako mdogo anakusalimu, na Kalekye anasema umletee meno kutoka Arabuni. Mungu wa mama yako akulinde ukitoka na ukirudi, aushike mgongo wako, akulete nyumbani mzima.

Ni mimi niliyekulea na ninayekupenda bila kupunguza,

Mama yako mdogo,
Mwongeli