Karai la Mama Zawadi

Mke wangu Rehema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Bibi yako mzima, goti lake tu linanuna. Anayekuandikia ndiye aliyezibua mtaro wa mtaa wetu hapa Kariakoo peke yake. Haya, nimedanganya: nilishika karai tu.

Unauliza kama uache ukatibu wa umoja wa wakazi huko Mbeya, maana wanachama hawaji kujitolea. Hata sisi, masika yalipokaribia na mtaro umeziba, mkutanoni tulipiga makofi, siku ya kazi tukalala. Mama Zawadi, muuza maandazi, akaja mlangoni kwangu.

"Shemeji, njoo unishikie karai."

"Mwite jirani, yule wa chama kile."

"Maji yakiingia ndani yatauliza chama? Vua hiyo kofia yako ya chama, twende!"

Nikamkuta jirani kashika koleo, naye kafuatwa mlangoni. Tulitaniana mpaka maji yakapita. Tangazo la ukutani halikuwahi kunitoa kitandani, yule mama alinitoa.

Sasa mke wangu, ulipovunja chupa ya chai ya bibi yako, nilisema ni paka. Nilipe fadhila: kabla hujaacha, kampigie hodi mwanachama mmoja tu.

Babu yako