Nilimhesabia Mama Vibaya

Silibwet, Bomet.
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Mpendwa Shangazi Edinah,

Kabla ya salamu naomba nitoe jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: hesabu niliyomfanyia Mama ina kosa. Nimelijua tangu Jumatano na nimenyamaza.

Hujambo, Shangazi? Joto la huko Doha limepungua? Hapa mvua ni nyingi na chai inachumwa kila siku. Mama amebakisha wiki tatu kujifungua, lakini miguu imemvimba na presha iko juu.

Muuguzi alimwambia ajifungulie hospitali kubwa. Mama aliogopa, kwa sababu watu husema watoto hufia huko. Kwa kuwa tulikuwa tunasoma takwimu darasani, nilichukua daftari nikawauliza wanawake arobaini waliokuwa wakingoja lori la majani chai: ulijifungulia wapi, na mtoto yuko hai? Unajua vile mimi huona haya. Jirani yetu Molly alinicheka: "Karani wa sensa amefika! Mume wangu naye umwandike kama mtoto wa tano."

Kituo cha afya cha hapa karibu: wanawake ishirini na wawili, hakuna aliyepoteza mtoto. Hospitali kubwa: kumi na wanane, watatu walipoteza. Nilimchorea Mama grafu. Akaibandika ukutani, akasema haendi mbali.

Jumatano Dorcus, mmoja wa wale watatu, aliniuliza nilimwandika wapi. Nikamwambia hospitali kubwa.

"Lakini mimi nilianzia hapa kituoni," akasema. "Damu ilipozidi ndipo wakaniitia ambulensi. Tulifika tumechelewa."

Niliwatafuta wale wawili wengine. Nao pia walitumwa kutoka kituoni. Vifo vyote vitatu vilianzia pale nilipoandika sufuri.

Naogopa kumwambia Mama, Shangazi. Kila mgeni akija, anamwonyesha ile grafu.

Jumatatu jioni.

Jana niliiacha barua hapo nikamfuata Mama jikoni, nikamweleza yote. Akauliza, "Na ungenyamaza mpaka lini, Chepchirchir?" Kisha akaibandua ile grafu ukutani.

Leo sikuenda shule. Baba aliomba gari la jirani, tukampeleka Mama hospitali kubwa. Presha ilikuwa mia moja na themanini. Wamemlaza, na kuhusu mtoto hawajatuambia kitu. Nimerudi kukama ng'ombe. Kesho mapema nampelekea uji.

Baba na Molly wanakusalimu sana. Mungu akutunze huko, na tafadhali mwombee Mama.

Binti yako anayekupenda,
Chepchirchir.