Nilimchagulia Baba Mti Usiopitiwa na Kulungu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana hapa nyumbani hakuna ninayeweza kumwambia jambo hili bila kulia, na nikilia Baba ataniuliza kuna nini, na nikimjibu ndiyo basi tena.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na moja, naishi na Baba yangu Selmer shambani, huku kwenye vilima vya magharibi mwa Wisconsin, tangu Mama alipofariki. Baba ana miaka sabini na tisa na maisha yake yote amewinda kulungu kwa upinde mrefu wa mti aliouchonga mwenyewe, hana habari na bunduki wala na zile pinde za magurudumu za siku hizi, na hapa kwetu yeye ndiye aliyekuwa akipigiwa simu kila Septemba, Selmer njoo utuonyeshe dungu la kuvizia tulifunge kwenye mti gani, naye alikuwa akitembea msituni nusu siku nzima, anatazama nyayo, anapima upepo kwa unyoya, halafu anaweka kiganja kwenye gamba la mti mmoja na kusema, "Huu hapa." Na kweli ulikuwa huo.

Sasa ana ugonjwa wa kutetemeka. Mwaka jana mkono ulicheza wakati anaachia, na mshale uliotakiwa kuingia nyuma ya bega la jike mmoja ukaingia tumboni, tukafuata damu siku mbili, tone hapa tone kule, Baba anapiga magoti kwenye majani na kuinuka kwa kunishika bega, na siku ya tatu tukamkuta kando ya kijito, mbweha wameshamla nusu, na udongo ulivyochimbuliwa na kwato zake ulionyesha kwamba hakufa upesi. Baba alivua kofia. Mimi nikajua moyoni kuwa ameacha kuwinda.

Kumbe wapi. Agosti mwaka huu nikamkuta karakana anagandisha manyoya kwenye mishale mipya, vidole vinatetemeka, gundi imejaa mpaka kwenye mikono ya shati. Akaniambia, "Ardis, magoti yangu hayawezi tena kuzunguka msitu. Nilikufundisha, unajua. Nenda kanichagulie mti. Nitafutie pa karibu, hatua kumi tu, nisije nikamtesa mnyama tena."

Nilikwenda, mshauri, na mti niliupata siku ya kwanza. Ni mwaloni ulioinama kidogo, kwenye pengo la ua wa zamani wa mawe, njia tatu za kulungu zinakutana chini yake, matunda yake yametapakaa kila mahali, na upepo wa magharibi unampulizia mtu usoni. Nilisimama pale nikamwona yule jike wa kijitoni kama yuko mbele yangu. Nikaondoka. Nikaenda kufunga dungu mwisho wa shamba la misonobari, pale miti ilipopandwa kwa mistari na chini hakuoti hata jani la kula, na upepo unabeba harufu ya mtu moja kwa moja mpaka kwenye kinamasi wanakolala kulungu wote. Na dungu lenyewe nililochagua ni lile la ngazi lenye kizuizi cha chuma mbele, la wenye bunduki, ambalo ncha ya chini ya upinde mrefu ingegonga tu chuma kama angejaribu kuvuta. Nilijua. Baba alipouliza kwa nini kuna chuma, nikamwambia ni kwa ajili ya usalama wake. Akaniuliza, "Na nyayo umeziona?" Nikasema, "Nyingi, Baba."

Amekaa pale siku kumi na tisa. Anapanda kabla jua halijachomoza, namfunga mkanda wa usalama, namvutia upinde juu kwa kamba, nami narudi saa nne kumshusha, na kila siku nauliza, "Vipi leo?" naye anasema, "Kindi tu." Mwanzoni alicheka. Wiki ya pili akaacha kucheka. Siku moja tunakula supu ya viazi akaweka kijiko chini akasema, "Sio wao waliohama. Wewe umeona nyayo, kwa hiyo wapo. Ni mimi. Msitu siusikii tena." Nikasema, "Baba, kula." Wiki iliyopita jirani alipiga simu kama kawaida kuomba ushauri wa mti, Baba akamwambia, "Mtafute mwingine, mimi nilishasahau hayo mambo," akakata simu. Na juzi alikata upote, ile kamba ya upinde wake, kwa kisu, akauviringisha, akautupa jikoni kwenye pipa la taka juu ya maganda ya viazi.

Mdogo wangu Duane nilimweleza. Kwanza alicheka, "Dada, umemweka mzee pale kama sanamu ya kutisha kunguru!" Alipoona sicheki akasema, "Sikiliza, nyamaza. Acha afe akidhani kulungu ndio wamekuwa wajanja. Ukimwambia utamuua." Mimi nafikiria nihamishe dungu kimyakimya, nilipeleke kwenye ule mwaloni, nimwambie upepo umebadilika, awaone walau mara moja moyo wake utulie. Lakini akipiga vibaya tena? Nifanye nini, mshauri? Silali, na Baba hali.

Ardis, mwenye dhambi.

*

Ardis mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili na kahawa ikanipoa mkononi. Kwanza nikupe pole. Aliyefuata damu siku mbili na kukuta ulichokikuta kijitoni hawezi kulaumiwa kwa kutotaka kukiona tena. Kumzuia mtu asiyeweza kulenga asimrushie mnyama mshale ni jambo la haki, na kama ungemwambia usoni, "Baba, mwaka huu hapana," ningekupigia makofi.

Lakini hukumwambia. Ulimnyima kulungu, hiyo ni ndogo. Kubwa ni kwamba ulimwacha ajitilie shaka akili yake. Mikono yake inamsaliti, anaijua, ameikubali. Kilichokuwa kizima ni kichwa, ule uwezo wa kuutazama msitu na kuuelewa, na wewe kwa zile nyayo zako "nyingi" umemfanya aamini kuwa hata hicho kimekwisha. Ulimsikia akisema kwa mdomo wake, kijiko kiko mezani, nawe ukamwambia ale! Hapo ndipo nilipokukasirikia, na bado nimekukasirikia.

Sasa nisikilize. Hilo wazo la kuhamisha dungu kimyakimya liache leo hii. Ni uongo wa pili wa kufunikia wa kwanza. Na Duane mwambie akae kwake, wazee hawafi kwa kuambiwa ukweli, na yeye hajakaa naye meza moja siku kumi na tisa.

Mwambie mchana, akiwa ameshakula, ninyi wawili tu. Usianze kwa kulia, maana ukilia atakubembeleza, na huna haki ya kubembelezwa kabla hajajua. Mwambie mti mzuri uko wapi na wewe ulimweka wapi, na kile chuma kilikuwa cha nini. Akifoka, mwache. Akinyamaza, mwache zaidi.

Akitaka kurudi juu, mfungie dungu la wazi lisilo na kitu mbele, fupi, lisizidi kimo cha mtu mara mbili, lenye nafasi ya ncha ya chini kupita bila kugusa kiti wala goti. Mkanda avae akiwa bado chini. Upinde uvutwe juu baada yake, si pamoja naye. Lakini kabla ya yote hayo weka sahani ya karatasi kwenye gunia la majani, hatua kumi, apige mishale mitano, na yeye mwenyewe ahesabu na aamue. Wewe usiseme kitu. Amewachagulia watu miti miaka hamsini, atajua kujichagulia hilo.

Usiningojee mimi wala gazeti. Kamwambie kesho.

Bi Corrine

*

*Barua hii fupi ilitufikia wiki tano baadaye, na mwenyewe ameturuhusu tuichapishe.*

Bi Corrine, nilimwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akavaa koti akaenda karakana. Siku nne hakusema nami, alikuwa anajipikia mayai. Siku ya tano nikaona sahani imetundikwa kwenye gunia na upinde una upote mpya. Alipiga mitano. Akaenda taratibu kuikagua, akasema, "Miwili tu ndiyo imeingia," akaulegeza upinde akauegemeza ukutani.

Halafu akasema nimpeleke kwenye ule mwaloni hivyo hivyo, mikono mitupu. Nilifunga dungu la watu wawili, tukapanda alfajiri. Jua lilipokuwa juu kidogo wakaja majike watatu, na nyuma yao dume mkubwa, shingo imevimba, akapita hatua kumi na moja kutoka tulipokuwa. Baba alikuwa ameweka mikono magotini, inatetemeka tu. Alimfuata yule dume kwa macho mpaka akapotea nyuma ya ua.

Kisha akasema bila kunitazama, "Mti ni mzuri. Umechagua vizuri."

Nikasema, "Asante, Baba."

"Ila sijakusamehe, Ardis. Usije ukadhani."

Nikasema sawa, nikakagua mkanda wake, nikatangulia kushuka ili nimshikie ngazi.