Pafyumu ya Mchumba Inanibana Kifua

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana moyo wangu umetulia nusu tu. Mimi ni mwalimu wa nasari hapa Kitengela na niko na pumu, na mwaka jana mchumba wangu Parsaoti aliuza mtamba akaenda Nairobi akaninunulia pafyumu ya bei kali, ile ya chupa nzito, na siku ya kwanza kujipaka nilishikwa na kifua kanisani mpaka nikatolewa nje, lakini nikamwambia ni vumbi, kwa sababu ningemwambiaje mtu aliyetoa ng'ombe? Nikaificha kabatini nikawa nanunua ya bei rahisi kwa Mumbi sokoni, hiyo hainisumbui, na Parsaoti akinikaribia anasema, "Kweli mtamba wangu hakupotea," nami naumia ndani. Juzi akasema anauza mwingine aninunulie chupa ya harusi, nikashindwa, nikaitoa ile ya kwanza ikiwa imejaa, nikamwambia yote nikilia.

Akauliza, "Kwa hivyo ungekufa ukinificha?" Nikasema niliogopa. Akashika kichwa, akaanza kucheka, akasema, "Ng'ombe wako wengi, Florence." Mshauri, siku hiyo nililala usingizi mzuri sana. Lakini dada yake mkubwa anasema bibi harusi hawezi kunukia vitu vya sokoni mbele ya wageni wa Kajiado, lazima nijipake ile ya bei hata kidogo. Nikikataa, nitaingiaje kwa hiyo boma?

Florence, Kitengela

Florence, kwa kifua pole, kwa uwongo sikupi pole. Mwaka mzima umemwacha mtoto wa watu akisifu chupa iliyo kabatini! Ungezidiwa ukiwa kwao, angemwambia daktari nini? Lakini mwishowe ulisema, naye akacheka. Hapo umepata mume. Kuna wanaume ambao wangekudai mtamba.

Sasa sikiza. Ya Mumbi ndiyo yako, na hata hiyo ipake nguoni, kidogo tu, si shingoni. Dawa yako ya kuvuta ishikwe na msimamizi wako siku nzima. Ile chupa mpe wifi kwa heshima, ajipake akiwa mbali nawe. Usibishane naye, Parsaoti amweleze mwenyewe wiki hii, kwa sababu dada ni wake. Akinuna, anune. Atakayehitaji pumzi ya kusema "nakubali" ni wewe.