Bangili Ndani ya Fuwele

Karatu, 9 Agosti 2005

Kaka Abdulwahabu,

Assalaam alaykum. Huku vumbi limetuzidi, ila maharage ya ngwara tumevuna gunia nane.

Barua yako nilimsomea Mama akiwa anapepeta. Alifurahi kusikia jaribio lako limefaulu, kwamba ulifunika chupa mwanga usiingie mpaka zikatoka fuwele nyeupe. Nikamwonyesha na ile picha uliyochora ya kilichomo ndani ya fuwele: chembe moja ya fedha, kaboni mbili zimeishika huku na huku. Akasema, “Mashallah, kama mtoto kashikwa mikono na wazazi wake.”

Kisha nikafika ulipoandika kwamba chumvi ya fedha iliisha chuoni, kwa hiyo ulipokuja likizo ulichukua bangili ya fedha ya Mama sandukuni ukaiyeyusha kwa asidi.

Ungo ukamponyoka, ngwara zikatapakaa ua mzima.

Kaka, bangili ile tulishaitafutia mwizi! Mkeo Kuluthumu alishika Msahafu mbele yetu akaapa, na bado hatukumwamini. Wewe tulikuambia ameenda kwao Baray kupumzika. Hakwenda kupumzika. Tulimfukuza, na mimba ya miezi saba. Mimi ndiye niliyempekua nguo.

Leo asubuhi Mama amepanda gari la Baray bila hata kunywa chai. Nilimwuliza atamwambia nini mkwewe. Amechukua ile picha yako, akamwonyeshe bangili iko wapi.

Mdogo wako,
Radhia