Anayemwitikia Chiriku

Jumatano, 3 Juni

Yule mtu wa kutengenezwa, roboti, wamempa kitanda cha juu yangu. Kwa nini mimi! Injinia aliyemleta anasema tumzoee, eti ataishi nasi bwenini kama mwanafunzi mwingine yeyote. Hasemi mpaka aulizwe. Wenzangu wameshambatiza: Kimya.

Leo ndala ya Chiriku iliingia chini ya kabati la chuma. Kimya akaliinua kabati kwa mkono mmoja, na nguo zetu zote ndani, akangoja huku anaangalia ukuta. Chiriku akamwambia asante, shoga. Mimi nilirudi nyuma.

Chiriku ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Anaongea hata usingizini. Jina lake la kweli tumelisahau wote, hata Matroni.

Alhamisi, 4 Juni

Baba mdogo, baba yake Chiriku, amelazwa, hali mbaya. Mkuu wa shule kakataa ruhusa — mpaka mzazi aje kumchukua mwenyewe. Mama mdogo atatokaje wodini? Roho ya mkuu huyo ni ya chuma kuliko Kimya.

Chiriku halii, na hicho ndicho kinachonitisha. Anataka kutoroka kwenda hospitali kupitia dobi la zamani, lile jengo bovu la kufulia nyuma ya bweni, ambako ukuta wa shule umebomoka. Atarudi Jumapili kabla ya kuitwa majina. Akikamatwa, shule ndiyo basi.

Shida ni hayo majina, huitwa kila asubuhi na jioni. Matroni huyaita akiwa koridoni, haingii ndani. Magoti yanamsumbua, anasema masikio yanamtosha. Na kweli yanamtosha! Kila anayejaribu kumwitikia mwenzake hunaswa. Muhula uliopita mmoja alibana pua akaitikia, mpaka leo anafagia uwanja.

Jioni nikamwuliza Kimya kama anaweza kuiga sauti. Akaniiga mimi. Mimi mwenyewe, na kale kakikohozi kangu!

Nikamwambia: kuanzia kesho, Chiriku akiitwa, itika kwa sauti yake. Na mtu yeyote asijue kwamba hayupo. Akauliza mpaka lini. Mpaka nikwambie basi, nikasema. Nilijiona mjanja kweli.

Ijumaa, 5 Juni

Chiriku ameondoka baada ya chai ya jioni. Kanikumbatia, kaniachia ndala zake nizitunze.

Matroni: Chiriku! — "Nipo!" Ile yake ya kuvuta mwisho, na kicheko kidogo juu. Bweni zima liliuma shuka. Nimecheka mpaka machozi.

Baadaye Kimya aligeukia dirisha la nyuma, akaganda hapo. Nini? nikamwuliza. Maji, akasema. Nikadhani bomba linavuja.

Jumamosi, 6 Juni

Mvua kutwa. Nipo asubuhi. Nipo jioni. Leo hakuna aliyecheka. Kitanda chake kitupu, na sauti yake inatoka juu ya kichwa changu. Sipendi.

Injinia alikuja kumkagua Kimya. Akamwuliza kama kuna tatizo lolote. Kimya akaniangalia mimi kwanza, halafu akasema hakuna.

Jumapili, 7 Juni

Mchana Matroni kaniita ofisini, mama mdogo yuko kwenye simu. Kabla sijaishika, Matroni akapaza sauti mlangoni: Chiriku, mama yako! Na kutoka bwenini: "Nipo!"

Mama mdogo akaisikia. Akacheka, maskini. Eti moyo umetulia, maana baba yake anamwulizia tu tangu Ijumaa, kaota ndoto mbaya. Nikasema kwani hajafika huko? Afike vipi, mwanangu, na ruhusa mmenyimwa?

Simu niliiacha inaning'inia.

Nikamkamata Kimya kwa nguo. Chiriku yuko wapi?
— Kwenye tangi, chini ya sakafu ya dobi.
Tangu lini?
— Ijumaa. Mbao za mfuniko zilivunjika.
Unamsikia?
— Alikuwa anakuita.
Alikuwa! Mbona hukuniambia, wewe!
— Ulisema mtu yeyote asijue.
Hata mimi?
— Wewe ni mtu.

Nilipiga ukelele mmoja. Matroni akaja, nikamweleza yote pale pale. Hakunipiga. Heri angenipiga. Kanipa tochi, kaniambia nitangulie dobini na Kimya na nisibanduke, kisha akakimbia — Matroni na magoti yake, kakimbia! — kwenda kuita gari la hospitali.

Niko dobini. Daftari lilikuwa mfukoni. Naandika kwa sababu mikono ikikaa bure nitaitafuna. Kimya amebandua zege kwa vidole kupanua shimo, akashuka. Maji yalimfika kifuani. Mvua ya jana yote imeingia humu. Kisha akapinda kona na tochi haimfikii tena. Nimesikia maji yanakorogwa, halafu sikusikia kitu.

Nikaita: Chiriku!

"Nipo!"

Nikalia kwa furaha. Mungu wangu! Nikaita tena, nimsikie tu.

"Nipo!"

Ile ile. Mwisho umevutwa, na kicheko kidogo juu. Mtu aliyeshinda na kulala majini tangu Ijumaa anachekaje?

Nikainama shimoni: Kimya, basi! Usimwitikie tena. Basi, nakwambia!

— Sawa, akasema, kwa sauti yake mwenyewe.

Gari linalia getini. Matroni amerudi, yuko nyuma yangu anahema, ananisukuma bega: mwite mwenzio, endelea kumwita, asilale huko! Anasema mbona ameitika vizuri tu, amemsikia tangu nje.

Nafungua mdomo. Jina halitoki.