Nusu ya Beberu kwa Ajili ya Zaina

Mke wangu mkubwa, Bibi Mwanaisha,

Shikamoo, na kabla hujaitikia, kaa kwanza kwenye kigoda, maana najua Rehema anakusomea huku umesimama na mwiko mkononi. Mgongo unaendeleaje? Na lile jino lililobaki peke yake kama mkonge uliosahaulika shambani, bado lipo? Mimi mumeo na mjukuu wako mzima kabisa, nimenenepa, na uzuri umezidi. Huku Dubai wananitazama mpaka naona haya. Rehema, hapo usiruke mstari, msomee Bibi kama nilivyoandika.

Nimeshika kalamu kwa sababu nimesikia simu ya mdogo wangu huyohuyo Rehema imezama kwenye ndoo ya maji. Imechagua siku! Umetoa nusu ya mbuzi wako halafu hujui imeishia wapi. Basi barua nampa Bakari wa Handeni, anakuja likizo. Atashuka Korogwe, aitume kwa bodaboda mpaka Magoma.

Bibi, ulipoambiwa nafanya kazi kwenye barafu ulidhani nauza zile za ubuyu za kwenye vifuko. Ni uwanja mzima, sakafu yote imegandishwa, ndani ya jumba la maduka, na nje jua linachoma. Mimi nagawa viatu vyenye visu chini. Shule niliachia kidato cha pili, lakini mteja akisogea tu najua mguu wake saizi gani kabla hajafungua mdomo. Na baridi yake! Wale wa Dindira kule milimani wanaojisifu na masweta yao wakija hapa watalilia kuni.

Juu ya kaunta kuna televisheni, na msimu ukianza ni mashindano ya watu wanaocheza muziki juu ya barafu. Mwanzoni nilicheka. Sasa niulize mimi. Wanaume wa siku hizi wanaruka, wanajizungusha mara nne hewani, halafu wanatua kwa mguu mmoja, juu ya kisu, huku wanarudi kinyumenyume. Kupinduka kichwa chini miguu juu kulikuwa marufuku, sasa wameruhusu, na watu wanapiga vigelegele kama wameletewa bibi harusi. Umri nao wameupandisha, vitoto haviruhusiwi kushindana na wakubwa, ndiyo maana dada mtu mzima kama yule mchezaji wangu Zaina bado ana nafasi yake. Haya yote alinifundisha Joselito, Mfilipino ninayefanya naye kazi. Sasa namfundisha mimi.

Zaina si jina lake, unakumbuka. Jina lake lina herufi ambazo hazijawahi kukaa pamoja. Nilimpa hilo kwa sababu anavyogeuza shingo ni yuleyule Zaina binti wa Shangazi aliyenikataa.

Mwaka jana aliruka, akatua vibaya, goti likaenda upande wake na yeye upande wake. Wakamtoa kwa machela. Nililia, Joselito ni shahidi. Mwaka huu karudi. Wanacheza mara mbili, mchezo mfupi kwanza, halafu mrefu siku nyingine. Siku ya ule mfupi nikamwona anaingia, mkono kauweka kwenye goti, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe mbele ya wateja: "Ee Mungu, akimaliza michezo yote miwili akatoka kwa miguu yake mwenyewe, nadhiri yangu ni yule beberu Diwani, achinjwe, watoto wa madrasa wale!"

Mfupi akaumaliza salama. Ndipo akili ikanirudi. Diwani nilimnunua mimi akiwa kitoto cha mbuzi, lakini umemlea wewe, na kwetu mnyama wa kulelewa nusu ni ya mlezi. Nimemwahidi Mungu mali ya mke wangu! Na mchezo mrefu bado. Nikaona wazi kabisa: nadhiri mbovu itaangukia goti la mtoto wa watu. Nikakupigia hapohapo, na wewe ukanijibu kama hakimu.

"Umeweka nusu gani?"

"Ya mbele, Bibi."

"Basi chinja ya mbele. Ya nyuma iendelee kula majani yangu."

"Bibi, nakuomba."

"Mbuzi mzima kwa binti aliyesahau sketi nyumbani?"

"Yale ni mavazi ya kazi."

"Kazi gani ya kujirusha? Mume wangu, rudi ulime."

Na Rehema nyuma anacheka kama fisi. Nikamtumia ile video ya machela akuonyeshe. Nikakusikia unamwambia airudie. Halafu ukauliza, "Ana mama huyu?" Nikasema sijui. Ukasema, "Na nusu yangu imo." Basi. Baada ya hapo simu ikaenda kuogelea.

Sasa sikiliza. Mchezo mrefu, muziki ukaanza. Mruko wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Wa tatu akaanguka, Bibi. Chini, kwa ubavu. Nilikuwa nimeshika kiatu cha mteja, nikakikumbatia. Mteja anasema, "Kiatu changu," namwambia, "Subiri." Zaina akaweka kiganja kwenye barafu, akainuka, akaukimbilia muziki ulikofika, akaucheza wote mpaka mwisho. Akatoka anatembea. Mwili wangu wote ukawa mwepesi kama nimetua gunia la mahindi njiani.

Joselito akanipiga bega. "Kaanguka. Mbuzi wako kapona."

"Kapona wapi?"

"Hata medali ya shaba hana!"

"Niliomba medali mimi? Niliomba miguu. Miguu hiyo hapo, inatembea."

Najua na wewe utaanza: mbona alianguka? Usiniletee. Ijumaa baada ya swala Diwani achinjwe, mbele na nyuma siku moja. Na nyama ya nadhiri mwenyewe haili, hata ini, na wewe una nusu humo, kwa hiyo jino lipumzike. Kijiji nacho kitapumzika, maana Diwani tangu azaliwe hajawahi kuingia nyumba ya mtu kwa hodi.

Nisalimie Mjomba Hamisi, kisu chake akinoe mapema. Mwalimu wa madrasa umwambie watoto waombee goti, hata kama hawamjui mwenye goti. Shangazi na bintiye nawasalimu, na yule Zaina wa hapo aambiwe mwenzake anaonekana kwenye televisheni, yeye kazi yake kukataa watu. Rehema, simu uiweke mbali na ndoo.

Na lile swali lako. Wakitoka barafuni wanakaa kwenye benchi kungoja alama zitangazwe, mara nyingi na kocha. Safari hii akaja mama mmoja mnene, kafunga kitambaa kichwani. Alama zinasomwa, watu wote wanatazama juu, yeye hata hakuinua uso. Kapiga magoti chini, anapapasa lile goti, analirudiarudia. Anaye, Bibi. Ana mama.

Mumeo, ambaye kuanzia Ijumaa hana tena mpinzani nyumbani kwako,

Shabani